Wiki ya Kumpumzisha Binti

Ule mchezo niliuweka kwenye simu kwa kukosa cha kufanya. Mimi ni fundi wa karasha kule Mwakitolyo, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na fundi wa karasha kazi yake kubwa ni kukaa karibu na mashine akingoja iharibike. Isipoharibika unakaa tu, vumbi linakupaka nyusi, masikio yanavuma. Wenzangu walicheza mpira wa kwenye simu huku wakitukanana. Mimi nikaangukia huu wa tenisi, ambao hata raketi hushiki. Unapewa mchezaji, wewe unakuwa kocha wake. Unampangia mazoezi ya wiki, unamchagulia mashindano, halafu unakaa pembeni kumwangalia akipanda au akishuka.

Siri yote ya mchezo iko kwenye mstari mmoja ulio chini ya picha ya mchezaji. Ukiwa wa kijani, ana nguvu. Ukiwa wa njano, ameanza kuchoka. Ukifika mwekundu, umeshamwua. Mazoezi makali yanamwongezea uwezo haraka, kasi ya kuanzisha mpira inapanda, pumzi inapanda, na wewe unafurahi kama mjinga, kumbe mstari unaliwa. Ukimwingiza kwenye mashindano akiwa wa njano, seti ya tatu miguu inamwishia. Akiwa mwekundu anaumia goti au bega, anakaa nje miezi, na akirudi si yule tena. Niliwaharibu wanne hivyo hivyo, kwa tamaa, kabla akili haijanikaa sawa. Wa tano alikuwa msichana wa miaka kumi na minane anayetumia mkono wa kushoto. Huyo nilimlea kwa adabu. Kwenye simu alikuwa na jina refu la Kizungu. Sisi tulimwita Binti.

Nasema sisi kwa sababu ya baba. Kiharusi kilimpata wakati wa palizi. Nikaiacha karasha kwa mwenzangu nikarudi nyumbani, kijijini kwetu, upande wa Mwadui. Mama alishafariki, dada zangu wameolewa mbali, na kumwogesha baba si kazi ya mtoto wa kike. Upande wa kulia wote ulikuwa umelala, mkono na mguu. Mdomo ulipinda kidogo lakini maneno yalitoka, mazito, na ukishayazoea unayaelewa bila shida.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini alikuwa dada mmoja mdogo kwangu kwa umri, mkali, anayeongea huku anaandika. Alinipa mambo matatu. Mzee atembezwe kidogo kidogo, mara nyingi, na katikati apumzike. Kila baada ya wiki mbili aletwe apimwe presha. La tatu alilirudia.

"Kila hatua kumi muulize kama amechoka. Akisema amechoka, unaishia hapo hapo. Usimbishie."

Nikaitikia. Nilijiona nimekabidhiwa mashine pamoja na maelekezo yake, na mashine ndicho kitu pekee ninachokijua duniani. Nikikumbuka nilivyokuwa natikisa kichwa mbele ya yule dada, natamani kujizaba kibao.

Sasa, baba na tenisi. Kabla hajarudi kwenye jembe, baba alifagia viwanja vya tenisi vya klabu ya mgodini kwa miaka mingi. Hakuwahi kushika raketi. Kazi yake ilikuwa kufagia, kumwagilia ule udongo mwekundu usitimke vumbi, na kuchora mistari kwa chokaa. Lakini mtu ukisimama pembeni ya mchezo muda wote huo, utaujua tu. Alijua kuhesabu pointi. Alijua nani ana mkono na nani ana kelele. Siku aliponiona uani nikibonyeza simu akauliza naangalia nini, nikamwonyesha. Alicheka kwa upande mmoja wa uso, cheko la kwanza tangu augue, na kuanzia hapo Binti akawa wetu wawili.

Tulikuwa na utaratibu. Asubuhi mazoezi ya baba, mchana mazoezi ya Binti. Mchana tulikaa kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni, mimi nikimtafsiria maandishi, yeye akiamua. Nami nilifikiri mtu wa jembe kama yeye atapenda kumchapisha kazi mchezaji mpaka alie. La hasha. Alikuwa na huruma ya kukera.

"Huyu umemtembeza sana wiki hii," alisema, kidole cha mkono mzima kikiwa juu ya kioo. "Mpumzishe."

"Baba, bado wa kijani."

"Kijani gani hiyo? Imefifia. Mtoto wa watu amechoka, na hana wa kumsemea."

Nikampumzisha. Wiki iliyofuata Binti akamchapa mchezaji aliyekuwa juu yake kwa nafasi sitini. Baba aliinua mkono wake mzima akaushusha kwenye paja, pa. Tulizoea kubishana hivyo kila siku, na karibu kila siku yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Kuna jambo lazima nilieleze hapa. Ujanani baba alikuwa kwenye kundi la kulima, lile la jembe na ngoma. Vijana wanajipanga mstari mmoja kwenye shamba la mtu, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja, mengine yanarushwa juu na kudakwa, na shamba linakwisha kabla mwenye shamba hajaivisha chakula. Humo mstarini unaweza kusema una kiu. Unaweza kusema jembe limelegea mpini, ukapata dakika mbili za kugongagonga kabari. Neno nimechoka halitamkwi. Baba alikuwa akinisimulia habari ya mwenzao aliyelitamka mara moja tu, mchana wa jua kali. Kufika jioni alishatungiwa wimbo. Wimbo ukamfuata mnadani, ukamfuata ukweni, jamaa akaona isiwe tabu, akahamia upande wa Ushirombo. Akakuta wimbo umemtangulia.

Habari hiyo ninaijua tangu utotoni. Nimewasimulia wenzangu kwenye karasha wakacheka mpaka machozi. Na bado, kila hatua kumi, nilikuwa nikimwuliza mzee yule yule, kwa sauti, uani, majirani wakipita na ndoo zao za maji:

"Baba, umechoka?"

"Bado."

Kila mara bado. Nami nikasonga mbele.

Fremu ya kutembelea niliichomelea mwenyewe kwa vipande vya bomba, nikaifunga mipira miguuni. Wiki ya kwanza alifika kwenye jiko la nje. Wiki ya tatu akafika kwenye kichanja cha vyombo. Mwezi wa pili alizunguka nyumba nzima, akasimama mbele ya zizi, akawatazama ng'ombe kana kwamba wao ndio waliokuwa safarini. Nilitokwa na machozi, sioni aibu kusema. Niliona namba zinapanda.

Kisha akaja mwenzake wa mstarini, mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliyelima naye tangu hawajaoa. Baada ya mavuno kundi lao hukutana uwanjani kwa ngoma, wazee kwa vijana. Alikuja kusema kwamba mwaka huu baba ametengewa kiti mbele kabisa, na kwamba watakuja kumchukua kwa mkokoteni wa ng'ombe.

"Mkokoteni ni wa mzigo," baba alisema. "Nitakuja kwa miguu yangu."

Kutoka kwetu mpaka uwanjani si mbali. Mtu mwenye miguu mizima hata wimbo mmoja haumalizi njiani. Kwa baba ilikuwa safari. Tangu siku hiyo hatukuwa na jambo jingine nyumbani mle: baba aingie uwanjani kwa miguu yake, watu wake wamwone amesimama. Mimi nililitaka kuliko hata yeye. Nikachukua daftari nikampangia kama tulivyompangia Binti, wiki tatu za mazoezi makali, wiki moja laini, na wiki ya mwisho kabla ya ngoma pumziko tupu. Nilijisifu kimoyomoyo. Nilijiona kocha.

Ila karasha ikichoka inachemsha, rejeta inatoa mvuke, unazima, unakaa pembeni unasubiri ipoe. Binti akichoka mstari unageuka njano. Baba alikuwa na lile neno bado, na mimi nikalifanya hilo ndilo geji yake.

Dalili zilikuwepo, nisijifanye kipofu. Mguu wa kushoto, ule mzima, ulianza kutetemeka kila akisimama. Chai ya asubuhi aliiacha nusu. Alianza kusinzia mchana katikati ya maongezi, simu ikiwa mapajani, Binti akingoja kupangiwa siku yake. Na kadiri yeye alivyozidi kudhoofu ndivyo alivyozidi kumwonea Binti huruma. Leo asicheze. Mashindano haya mwondoe. Mwache alale kidogo, kuna nini? Siku moja alinikasirikia kweli kweli.

"Wewe unapenda kushinda kuliko unavyompenda huyu mtoto."

Nikacheka. Nikamwambia baba, huyu ni picha tu, hata ukimlaza mwaka mzima hana habari.

Aligeuza uso akatazama zizini.

Siku ya kumpeleka kupimwa presha iliangukia kwenye ile wiki yake nzuri, wiki aliyofika barabarani kwa mara ya kwanza. Kwenda hospitali ni siku nzima, na kesho yake mwili wote unamwuma kwa kukaa kwenye gari. Nikaona tutapoteza siku mbili za mazoezi. Nikasema tutakwenda zamu ijayo. Zamu ijayo ikafika, nikasema vile vile. Mara mbili sikumpeleka. Hakuna wa kumsingizia hapo.

Sehemu ya wiki ya pumziko ndiyo ninayoirudia kichwani kila siku, nikiwa njiani, nikiwa nakula, nikiwa kanisani watu wakiimba.

Sheria hiyo ndiyo ya kwanza kujifunza kwenye mchezo ule: kabla ya mashindano makubwa unamlaza mchezaji, mstari ujae. Binti alikuwa anakwenda kwenye mashindano makubwa kuliko yote aliyowahi kuingia, na tarehe zake ziliangukia karibu na siku ya ngoma ya baba. Baba alisimamia mwenyewe. Alinitaka nibonyeze pumziko siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka saba, akihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto na kurudia, kuhakikisha simwibii hata moja. Nikabonyeza zote saba mbele yake.

Yeye mwenyewe sikumpa hata moja. Alikuwa amebakiza kipande kimoja cha njia, urefu wa shamba la karanga la jirani, kabla hajaweza kuufikia uwanja bila kukaa. Siku mbili mfululizo alikuwa ameishia pale pale. Nikaona tukipumzika sasa tutakosa. Badala ya kupunguza nikaongeza, asubuhi na jioni. Nilimwuliza kama ataweza. Aliniangalia kwa muda, akaiangalia fremu, akaishika.

Siku tatu kabla ya ngoma, saa mbili na nusu asubuhi, jua limeshakuwa kali, tulikuwa kwenye kipande kile. Hatua ya kumi nikauliza. Bado. Ya ishirini nikauliza. Bado. Ya thelathini nikauliza, akafungua mdomo, neno halikutoka. Fremu ilikwenda mbele peke yake, yeye akabaki nyuma, akaanguka kwa ubavu kwenye matuta ya karanga. Nilidhani amejikwaa. Na haya ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia baba yangu nikidhani bado anaweza kunijibu kwa mdomo:

"Amka baba, tumebakiza kidogo."

Kilikuwa kiharusi cha pili. Daktari alisema presha ilikuwa juu sana, na inaonekana ilikuwa juu kwa muda. Alisema pengine kingetokea hata kama mzee angekuwa amekaa kitini. Lile pengine alilisema kwa wema, na mimi sikuwa na pa kuliweka. Yule dada wa mazoezi alinikuta kwenye benchi la nje ya wodi.

"Ulikuwa unamwuliza?"

"Kila hatua kumi."

"Alikuwa anajibu nini?"

"Alikuwa anajibu bado."

Akaacha kuandika. "Wewe ni mtoto wa huku, au umetoka wapi?"

Nikamwambia ni mtoto wa huku. Alifunga faili lake akaingia wodini.

Pale pale kwenye benchi simu ikalia, mlio wa ule mchezo. Mashindano ya Binti yalikuwa yameanza bila sisi, maana mechi zinakwenda zenyewe kama umeshapanga kila kitu. Alishinda mechi tatu akafika robo fainali. Nilimwangalia akikimbia huku na huko kwenye kile kiwanja cha rangi, mstari wake wa kijani umejaa pomoni, binti mbichi, kapumzika vizuri. Sikusubiri nione kama atashinda. Niliufuta mchezo wote.

Ngoma ilichezwa siku yake ilipofika. Wiki iliyofuata, tukiwa tumesharudishwa nyumbani, mwenzake wa mstarini akaja kutuona, amevaa koti licha ya joto, akakaa ukingoni mwa kitanda akaushika mguu wa baba uliolala. Aliniambia walikiweka kile kiti mbele kikiwa kitupu na wakaimba jina la baba mara mbili.

"Baba yako hakuchoka hata siku moja," alisema. "Tangu ujana. Wengine tulichoka tukaficha, yeye hapana. Na wewe umekuwa mtoto wa kweli, umempambania. Wabeja, asante sana."

Nilitamani kumshika mabega nimtoe nje. Nilitamani kumwambia kwamba wimbo wao ule, ule wa yule jamaa wa Ushirombo, ndio uliomlaza huyu. Lakini mzee wa watu alikuwa analia. Na isitoshe, mimi ndiye niliyeshika fremu. Nikampa maji ya kunywa, nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka barabarani kama inavyotakiwa.

Niliporudi ndani ndipo nilipoelewa, nikiwa bado nimesimama mlangoni. Wengine tulichoka tukaficha. Baba naye alikuwa ameficha, ila alitafuta pa kusemea. Mwezi mzima alikuwa ananiambia amechoka. Alisema mchana, baada ya mazoezi yake, kidole kikiwa juu ya kioo. Mtoto wa watu amechoka. Leo asicheze. Mwache alale. Alikuwa amempata mtu mmoja duniani ambaye angeweza kuchoka kwa niaba yake bila kutungiwa wimbo, naye ni msichana wa kwenye simu, na mimi kila siku nilimsikiliza kwa makini kabisa na kumpumzisha msichana.

Imepita miezi. Sijarudi Mwakitolyo. Baba haongei, haketi, shingo hawezi kuigeuza. Kilichobaki ni mkono wa kushoto, na wenyewe ni vidole tu. Yule dada alikuja hadi nyumbani akatufundisha: akiminya mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Kwa njia hiyo najua akitaka maji, najua akisikia baridi, najua nikimgeuza vibaya. Nimemwuliza mara nyingi, karibu kila siku, kama amechoka. Kila siku ananiminya mara mbili.

Juzi asubuhi nilikuwa namfuta uso kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Binti hayupo tena popote, na hilo sikuwahi kumwambia. Niliweka kitambaa chini nikaushika mkono wake.

"Baba, Binti amechoka?"

Akaminya mara moja. Aliminya kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Apumzike?"

Mara moja.

Nje jirani alikuwa anaita mbuzi wake. Kisha nikauliza, kwa sababu safari hii nilikuwa nimeamua kuuliza mpaka mwisho.

"Apumzike kabisa, baba? Asirudi tena uwanjani?"

Akaminya mara moja, na hakuachia.

Nikamwambia nimesikia.